Kamba ya Shangazi Faila

Tii, tii, tii. Sauti ndogo ya mashine, lakini ilinishika mkono ikanirudisha mbali sana, kwenye mtumbwi wa baba yangu, enzi ambazo mto huu wa Nyangwe ulikuwa bado haujasikia moteri nyingi.

Mjukuu wangu Selemani alikuwa ameleta kutoka Kalemie apareyi ya kutafutia samaki. Ina kioo cha kutazama, na ina kitu cheusi chenye waya, kinachofanana na kiatu cha mtoto, ambacho kinakaa majini. Hicho anakiita sonde. Alikifunga nyuma ya mtumbwi, kando kabisa ya moteri, akaniomba mimi, bibi yake, nipande naye nimbariki. Nyuma yetu alikuwa anaburuta chambo, na pamoja na chambo kipande kizito cha chuma cha kukipeleka chini. Alitaka kioo kimwonyeshe chuma kinapita wapi, kisije kikanasa kwenye miamba. Lakini kila akitia mwendo, kioo kilijaa madoa kama uso wa mwenye tetekuwanga.

"Tate, ona! Samaki iko kila pahali!" Kisha uso ukamwanguka. "Apana. Hii ni bongo, uongo tu. Wale watu wa Kalemie wenye kuniuzishia walinicheka."

Nikaweka vidole juu ya ule waya. Ulikuwa unatetemeka, tetemeko la haraka haraka lisilo na maana. Nikalitambua. Ninyi mnaonisoma, ngojeni niwaambie nililijulia wapi, maana nimekaa nalo miaka mingi.

Baba yangu, Ramazani, alikuwa mvuvi wa mbenga, yule samaki mwenye meno ya nje kama misumari ya seremala. Mbenga wakubwa walikaa chini, kwenye maji ya giza kati ya miamba. Baba aliwafuata huko kwa akili yake mwenyewe: alichukua kipande cha reli, akakifunga kamba nene, na uzi wa chambo akaushikiza kwenye hicho chuma kwa kijuzi kimoja kilichochakaa. Mbenga akiuma, kijuzi kinakatika, samaki anapigana na uzi peke yake, chuma kinabaki chini ya mtumbwi. Vyuma alikuwa navyo vitatu. Alipewa na Mzee Alimasi, aliyefanya kazi ya reli kule Samba na ambaye sasa alikuwa amekufa. Cha nne hakikuwepo.

Tatizo lilikuwa moja. Chuma kikipita juu sana, mbenga hajisumbui. Kikipita chini sana, kinanasa mwambani, na hapo hata useme nini, hakirudi.

Aliyejua chini ya mto palivyo alikuwa dada yake baba, Shangazi Faila. Homa ilimchukua masikio angali mdogo, na maneno yakafuata masikio. Mume wake alipokufa, ndugu za mume kule Wamaza walimfanya jembe lao: analima tangu asubuhi, anakula peke yake nyuma ya jiko, hakuna anayemgeukia. Baba alikwenda kwa miguu kumchukua.

Shangazi alikuwa na kamba yake nyembamba, yenye nati ya lori iliyoburutika chini kabisa. Aliizungusha kwenye kidole, na ncha yake akaibana kwa meno. Kwa meno ndivyo alivyousikia mto. Mimi pia nilijaribu mara moja: mchanga ni kama kutafuna mboga ya sombe ambayo haikuoshwa vizuri, na mwamba unakupiga mpaka kwenye jicho. Mkono wake mwingine ulishika ile kamba nene ya kile chuma, kukipandisha na kukishusha. Baba alisimama nyuma, anapiga kasia upande wa kulia, macho mbele. Mimi, Mwamini, wa miaka saba hivi, nilikaa miguuni pa Shangazi nikawa mdomo wake. Akinigusa kwa unyayo mara moja, napaza sauti: "Mwamba, Baba!" naye anapunguza mwendo. Mara mbili: "Mchanga!" Nilijiona mkubwa kuliko mto.

Sasa, kamba ya Shangazi ilipita upande wa kushoto, juu ya mguu wangu, na kwenye mguu nilikuwa na kidonda. Kila siku kamba ilikikwaruza. Asubuhi moja, kabla Baba na Shangazi hawajafika pwani, ukingoni mwa mto, nikaifungua kwenye kijiti kilichoishikilia ubavuni mwa mtumbwi kushoto, nikaifunga kwenye kijiti cha kulia. Nilifunga kwa fundo nililolijua, lile la kumalizia msuko wa nywele. Sikumwambia mtu. Kwani mto si ni ule ule?

Kumbe upande wa kulia ndiko kasia la baba lilikopiga povu. Siku hiyo Shangazi alikaa amekunja uso, kamba inamtetemeka menoni, unyayo wake hauna uhakika. Chuma cha kwanza kikanasa, kikabaki. Kesho yake cha pili.

Pale pwani Mzee Kalonda, mwenye nyavu nyingi na mdomo zaidi, alicheka mpaka akashika magoti. "Ramazani! Dada yako sasa iko kiziwi mpaka ya meno!"

Watu wakacheka. Shangazi hakusikia, lakini nyuso alikuwa anazisoma vizuri kuliko sisi wote. Akainama, akaanza kukunja kamba yake taratibu.

Jioni, baba hakumaliza ugali wake. Alimwambia mama, "Imebaki moja tu. Ikipotea kesho, Faila atarudi Wamaza."

"Kwa wale watu?" Mama aliweka bakuli chini. "Unamurudisha kwa wale watu?"

"Nitamulisha na nini hapa, Mama Mwamini? Na maji?"

Nilikuwa nimeketi pale pale, na kosa lilikuwa langu. Nilijua. Mtu mmoja tu angeweza kumsemea Shangazi, na mtu huyo alikuwa mimi, na nilinyamaza kwa kuogopa fimbo.

Asubuhi nilikimbia peke yangu mpaka kwenye mtumbwi, nikairudisha kamba kushoto, nikafunga mguu wangu kwa jani la ndizi. Walipofika, nilikuwa nakumba maji ya mtumbwini kama mtoto mwema.

Tulipoingia penye kina, Shangazi alitia kamba menoni. Akatulia. Akanitazama mimi, kisha jani langu la ndizi, kisha mimi tena. Unyayo ukanigusa: mara moja.

"Mwamba, Baba!"

Mkono wake ukapandisha chuma. Tukapita. Mara mbili. "Mchanga!" Akashusha. Mguu wangu ulikuwa unawaka moto nami nilikuwa naimba moyoni. Tulikuwa tumekaribia kugeuza pale kijuzi kilipokatika, na mbenga akaruka nyuma yetu, mrefu kunipita mimi. Pwani, Mzee Kalonda mwenyewe alimshika samaki kichwa, akasaidia kumbeba. Wamaza haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Basi nikamwambia Selemani, "Toa hiyo kitu karibu na moteri. Peleka upande ingine, kule maji iko safi. Ishushe kidogo, isimamishe sawasawa."

"Tate, weye unajua apareyi?"

"Mi najua povu."

Alihamisha, akainamisha, akakaza, akainamisha tena. Tii, tii ikanyamaza. Kwenye kioo, chini ya mto pakatokea kama mstari wa mlima, na juu yake uzi mwembamba mweusi: chuma chake, kinapita salama. Akapiga kelele kama mtoto. Akauliza nani alinifundisha, na mkono wangu ukaenda mguuni.

Maana kuna jambo nililolijua nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Shangazi alikuwa amezeeka, nami nilikuwa namwosha miguu. Akaushika mguu wangu, akaweka kidole gumba juu ya kovu la kile kidonda. Kisha vidole vyake vikafunga hewani fundo la msuko wa nywele. Akaonyesha kulia, akaonyesha kushoto, akacheka cheko lake lisilo na sauti.

Alijua tangu siku ya kwanza. Fundo lilikuwa mbele ya macho yake, angelifungua kwa mkono mmoja. Aliiacha kamba pale kwa sababu alikiona kidonda. Vyuma viwili vikazama, watu wakamcheka, Wamaza ikawa inamngoja, naye aliendelea kubana meno, anautafuta mto ndani ya povu, ili mguu wangu upone.