Daktari Alisema Utembee

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa na miaka mitatu ndani ya ndoa, hapo mjini, mtaa wa Jadida, na tumbo langu kimya. Mama mkwe hakuzunguka mbuyu. "Msimu wa karafuu ukisha sijaona dalili ya mjukuu, mwanangu ntamuoza mke wa pili." Nilikasirika, maana yule bwana nikimpenda.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Kutwa kakaa, halua na chai ya sukari nyingi pembeni, tumbo likimtangulia mlangoni. Nikamburura kwa daktari. Huko ndiko nilikosikia mara ya kwanza kuwa uzazi si wa mwanamke peke yake: kukaa na kunenepa huweza kudhoofisha mbegu za mwanamume. "Punguza sukari, kula samaki na mboga," alimwambia, "na kila jioni utembee."

Mume wangu akashika amri. Kila jioni kanzu, kofia, huyo katoka. Mwezi ukapita, kanzu ikazidi kumbana.

"Watembea wapi weye?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa fahari: leo kwa shangazi, jana kwa ami. Kote kakirimiwa chai, sambusa na visheti! Kwetu mtu akisema anakwenda kutembea, anakwenda kuzuru watu, na mgeni hatoki na njaa.

Nilicheka hadi nikakaa chini. "Kwa miguu, mume wangu! Daktari kakusudia miguu, si majamvi ya watu!"

Msimu ulipoingia nikamhamishia shamba, Ole, kwa baba yangu. Cherehani ikabaki mjini. Asubuhi jembe, mchana juu ya mikarafuu, jioni muhogo, samaki wa kuchoma na mchicha. Mwanzo alilalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Baadaye akawa anaimba huko juu mitini, na mimi chini nikimtazama kwa jicho jipya, sikatai.

Kabla karafuu hazijesha, harufu yake ikaanza kunitapisha. Mama mkwe akasema ni dua zake. Sikumbishia. Mungu ndiye mtoaji, ila jembe nalo lilitia mkono.

Siku binti yetu alipopiga hatua ya kwanza, bibi yake alipiga vigelegele: "Anatembea!"

"Kwa miguu, mwanangu," baba yake akamwambia. "Usende kwa shangazi."

Tulipomaliza kucheka, mama mkwe akanigeukia. "Sasa nataka wa pili."

Nikadhani ni mke.

"Mjukuu, mwanangu," akasema, akanishika mkono. "Mjukuu wa pili."