Shangazi na Binti wa Seremala

Shangazi yangu anatengeneza sabuni za kufulia kwenye chumba cha nyuma, chumba chenye dirisha moja linalopokea jua la asubuhi. Mwanangu nilimzaa nikiwa nakaa naye, kwa hiyo mtoto amelala sana humo, kwenye kapu lake, kati ya rafu zilizojaa vipande vyeupe. Jua likiingia, rafu zinang'aa kama mawingu yaliyopangwa, nami nikikaa pale nanyonyesha, najiona kama naelea.

Sabuni ikishaganda inakatwa, lakini haiuzwi. Inalazwa wiki sita mpaka ukali wa magadi uishe, la sivyo inababua mikono. Shangazi haangalii hata kalenda. Anaonja kipande kwa ncha ya ulimi, anafumba macho, anasema, "Bado."

Alifika miaka arobaini na minne bila mume. Ndipo seremala anayemtengenezea fremu za mbao za kumiminia sabuni, mwanamume aliyefiwa na mke, akamwambia anataka kumwoa. Shangazi alimpenda. Niliona mwenyewe, maana alianza kuvaa hereni hata siku ya kukoroga sabuni. Shida ni kwamba seremala alikuwa na binti wa miaka kumi, na siku Shangazi alipokwenda kuwasalimu, yule mtoto aliingia chumbani akabana komeo.

"Atazoea tukishafunga ndoa," seremala akasema.

"Hapana, fundi. Ile ni nyumba ya mama yake. Siingii mpaka anikaribishe mwenyewe."

"Yaani mtoto ndiye atupangie?"

"Anayepanga ni Mungu. Mimi nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Kwani nimesema najua?"

Wanakwaya wenzake Shangazi walimcheka. "Dada, utaingia kanisani na mkongojo!" Naye akawajibu, "Basi ununueni kabisa, mkaufunge na utepe."

Lakini mwaka wa kwanza ulipoisha, uvumilivu ulimponyoka. Siku ya kuzaliwa ya binti ilikaribia. Shangazi akatengeneza sabuni ndogo za rangi ya waridi, akachonga jina la mtoto juu ya kila kipande, akazipeleka zikiwa na siku tisa tu. Hakuonja. Binti alinawa, viganja vikambabuka.

"Alitaka kuniunguza," akamwambia baba yake.

Shangazi alikwenda akasimama nje ya mlango wa chumba chake. "Nimekosa, mwanangu. Nilikuwa na haraka ya kupendwa." Mlango haukufunguliwa.

Tangu siku hiyo hakupeleka tena zawadi. Kila Jumapili akipishana na binti alisema tu, "Hujambo, mwanangu," akapita, bila kusubiri jibu. Na mwaka wa tatu, mwanangu alipokwisha kuzaliwa, mchana kabla ya kujilaza nilimsikia akiomba huku nami nasinzia: "Baba, sitaki kukusukuma. Ila lile jambo letu unalikumbuka. Arobaini na saba sasa. Amina." Kisha usingizi ulimchukua upesi kuliko mwanangu.

Siku moja tu haukumchukua. Seremala alikuja akasema ndugu zake wamemtafutia mwanamke mwingine, na yeye amechoka kujibu maswali.

"Ukienda, fundi, nitakuombea heri," Shangazi akamwambia. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa sakafuni, akalia bila sauti. Seremala hakwenda kwa huyo mwanamke. Lakini utani wa Shangazi ulikwisha, na sisi wa nyumbani tukaanza kumhofia.

Jumatano moja mvua ilikuwa inanyesha taratibu. Nikamwona binti wa seremala mlangoni, sasa ana miaka kumi na mitatu, sweta la shule amelifunga kiunoni.

"Shangazi yako yupo? Baba yuko kazini, na mimi..."

Shangazi alitokea, akalitazama sweta, hakuuliza kitu. "Pita, mwanangu."

Walikwenda bafuni. Nilisikia maji, na sauti ya Shangazi ikielekeza polepole: sketi ilowekwe maji ya baridi, ya moto yanagandisha doa, kitambaa kinakunjwa hivi. Halafu sauti nyembamba:

"Mama yangu angenigombeza?"

"Angekukumbatia."

Maji yakaacha kumwagika.

Walipotoka, binti alikuwa amejifunga kitenge cha Shangazi. Akakaa karibu na kapu, akachezea kidole cha mwanangu aliyelala.

"Baba alishakubali zamani," akasema bila kuinua macho. "Mbona hukuja tu?"

"Wewe hukukubali."

"Na kama nisingekubali kabisa?"

Shangazi alifikiri. "Ningeumia. Lakini Mungu asingeniacha."

Mvua ikapungua. "Chumba cha baba kinavuja pembeni," binti akasema. "Ukija, kitanda kikae upande wa mlango."

Nilimwona Shangazi akishika ukingo wa rafu.

"Nije lini, mwanangu?"

Binti alihesabu kwa vidole, kwa uzito wa mtu mzima. "Mitihani ikiisha. Bado miezi miwili."

Shangazi akacheka, machozi yakimtoka, akacheka mpaka mwanangu akaamka.