Moshi Ambao Sikuuandika

Kazi ya mnarani niliiomba mwenyewe. Wenzangu niliomaliza nao chuo kikuu waligombea ofisi za Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimesoma habari za watu waliokaa milimani wakilinda misitu isiungue, wakashuka na kitabu mkononi. Nikadhani ukikaa juu peke yako kitabu huja chenyewe. Nikapangiwa mnara wa mbao juu ya kilima cha Handeni, unaotazama hadi Korogwe na milima ya Usambara.

Upweke wenyewe sikuupata. Nilimkuta mzee mmoja wa Kizigua, mlinzi wa siku nyingi, aliyepika bada, ugali wa muhogo, kila siku, akakoroma, na kuniita Msomi kana kwamba ni ugonjwa. Ndiye aliyenifundisha kazi. Moshi wa nyasi ni mweupe na hutembea. Moshi wa shamba husimama mahali pamoja, na mwenye shamba huwa ameshapanda kilimani kutuarifu. Kila moshi uandikwe daftarini: saa, upande, umbali. Kisha tuuripoti kwa simu ya upepo.

"Hata wa mchoma mkaa?"

"Hata wake. Daftari halina mjomba."

Miezi mitano ikapita. Kitabu changu hakikupata hata ukurasa. Huko chini watu walikuwa wameamriwa kuhamia vijiji vipya kando ya barabara. Chuoni nilikuwa nimebishana kuhusu ujamaa na kila mtu, walioupenda na walioupinga. Mke wa mzee, aliyeishi huko chini, yeye hakubishana. Alisema tu kwamba hahami kabla ya kuvuna mahindi yake.

Asubuhi moja tukaona moshi sehemu nne, mweusi, umejipanga mstari. Mzee alichukua darubini.

"Hizo ni nyumba," alisema. "Ya tatu ni yangu."

Nikaita kwa simu ya upepo. Mkubwa wetu akauliza, "Msitu unaungua?"

"Hapana. Ni nyumba za watu."

"Basi hakuna moto. Wanahamishwa hao, nyumba zikibaki watarudi. Andika hakuna moto, kijana, usijitafutie makubwa."

Nikaandika: Saa tatu. Hakuna moto.

"Umeandika nini?" mzee aliuliza. Nikamwambia.

"Siombi waje kuzima, Msomi. Nyumba ya nyasi haizimwi. Naomba uuandike."

"Mzee, daftari hili wakubwa wanalipitia."

"Najua. Ndiyo maana."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilifikiria barua ya kufukuzwa kazi, nikamfikiria mama yangu, nikatafuta sababu nyingine zenye heshima zaidi. Mzee alisubiri kidogo, kisha akavaa katambuga zake za tairi, akashuka ngazi. Kwa darubini niliona lori, na mwanamke akipakia kinu. Sikujua kama ndiye mkewe. Kutoka juu kule wote walikuwa na urefu wa ukucha.

Mchana anga ilikuwa safi. Mzee hakurudi kazini.

Nilimwona mwaka uliofuata pale Segera, amepanga machungwa kando ya barabara. Niliteremka kwenye basi, nikamwamkia shikamoo. Alinitazama vizuri, usoni, bila haraka.

"Marahaba," alisema. "Nikupe mangapi?"