Miti Kumi na Tisa ya Tharsisi

Tharsisi Habonimana wa Kitanga ni mtu asiyejua kukaa. Mpe kigoda, atakikalia robo saa kwa heshima yako, kisha utamkuta nyuma ya nyumba anakaza bawaba ya mlango ambao haukuwa na tatizo lolote. Mkewe, Esteri, mama wa mtoto wao Akimana, alikwisha kata tamaa. Huwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na miguu, mwenye miguu humwona saa ya kula tu. Si kwamba mzee huyu ni mzururaji au mlevi, la. Kila akitulia anahisi kuna kitu mahali fulani kinaharibika kwa sababu yeye hayupo.

Huenda alizaliwa hivyo, huenda dunia ndiyo iliyomfanya hivyo. Mwaka 1972 mama yake alivuka naye mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni, hajatimiza hata miaka miwili, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kuulizwa karatasi. Aliulizwa kizuizini, aliulizwa sokoni, aliulizwa hata siku ya kuposa. Uraia aliupata akiwa na mvi. Basi usimcheke ukisikia kwamba kitu alichokithamini kuliko mizinga yake arobaini ya nyuki kilikuwa daftari la jalada gumu, ambalo juu yake paliandikwa kwa wino mweusi: Msomaji, T. Habonimana.

Daftari alipewa na Zuhra, binti wa Haidari, muuza vitambaa wa Kasulu mjini. Watu wengi walidhani binti atarithi duka, naye akaenda kusomea miti. Akapata shahada ya kwanza, akapata ya pili, na mwaka 2021 akarudi nyumbani kutafuta ile ya uzamivu, inayomfanya mtu aitwe daktari bila kujua kudunga sindano. Alitaka kutengeneza modeli, yaani hesabu kubwa ndani ya kompyuta, ambayo ukiilisha habari za mvua, joto na unene wa miti, inakuambia msitu utakuwaje miaka hamsini ijayo tabianchi ikizidi kuharibika. Lakini kompyuta haina miguu. Alihitajika mtu wa kuingia porini kila mwezi na kusoma miti sitini, mmoja mmoja, inyeshe mvua, liwake jua. Zuhra alipomuuliza mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti hakufikiri mara mbili. Alisema yupo mtu hapa ambaye hata usipomtuma ataenda.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila mti ulivishwa mkanda mwembamba wa chuma kifuani, na ncha za mkanda zikaunganishwa kwa springi yenye kulabu mbili. Mti ukinenepa, springi inavutika na pengo kati ya kulabu linapanuka. Unapima pengo kwa kipimio, unaandika namba, unakwenda mti unaofuata. Zuhra alimfundisha kwa siku mbili, akamwachia kila kitu, naye akaenda kuvisha miti mingine sitini kwenye msitu wa upande wa Kibondo, ambako alimpata msomaji mwingine.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia, maana halikuingia kwa uvivu. Mrina asali wa huku anajua jambo moja kuliko mambo yote: mti hufa kwa kuzungushiwa. Ukitaka gome la kutengenezea mzinga, ukamenya duara kamili, mti huo umeuua. Na Tharsisi alikuwa na lake la ziada. Akiwa kijana aliufunga mzinga kwa waya kwenye mninga mkubwa, akausahau waya miaka minne. Aliporudi alikuta waya umezama ndani ya nyama ya mti, juu yake pamekauka, nyuki wamehama. Jambo hilo lilimuuma. Mpaka leo akipita pale hugeuza uso.

Basi Septemba ya mwaka wa kwanza, msitu ukiwa umekauka na majani mapya mekundu ndiyo kwanza yanachomoza, alisimama mbele ya mti wa mtundu namba kumi na saba akaona springi imevutika kama kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia. Aliugusa mkanda, umebana. Akaenda zake. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alirudi na msumari na nyundo, akatoboa tundu jipya kwenye chuma, akahamisha kulabu, mti ukapumua. Siku hiyo alikagua yote sitini, akailegeza kumi na tisa iliyokuwa imebanwa zaidi. Kisha akasoma vipimo kwa uaminifu kabisa na kuviandika kama vilivyo. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Zuhra alipokuja kuchukua namba aliona zile kumi na tisa zimeshuka. Akashangaa. Aliuliza kama kuna mtu aliyegusa mikanda. Na hapo Tharsisi, mtu aliyerudisha simu za watu zilizookotwa mnadani, aliona lile swali limevaa sare kama maswali yote ya kizuizini. Alijibu kwamba hapana, ni jua tu. Zuhra akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika. Miti kweli husinyaa kiangazi ikikosa maji, wataalamu wote wanajua, ila yeye hakutarajia isinyae kiasi kile.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Tharsisi ilikwenda miaka mitatu, maana hata katika uongo alikuwa mtu wa kutembea. Septemba ya pili alilegeza tena ile ile kumi na tisa, kwa kuwa ilikuwa imebanwa tena. Na ya tatu vivyo hivyo. Alijiambia anaitunza, na binti hajadhurika na chochote.

Mwezi Juni mwaka 2024 Zuhra aliitisha kikao kwenye ofisi ya kijiji ili awaeleze watu alichokipata kabla hajapeleka kazi yake chuoni mwishoni mwa Julai. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari miwili. Mstari wa Kibondo ulikuwa unapanda polepole, kama mtu mzima anayepanda kilima. Wa Kitanga ulipanda, ukaporomoka Septemba, ukapanda, ukaporomoka tena, na tena. Zuhra alieleza kwa sauti ya chini kwamba miti ya hapa inasinyaa kila kiangazi kuliko miti yote aliyoisoma vitabuni, na modeli inasema kufikia wakati wa wajukuu zao nusu ya msitu huu haitakuwepo. Alisema sura nzima ya utafiti wake inasimama juu ya jambo hilo. Kikao kilipooza. Immakulata, mjane anayeishi kwa kuuza uyoga wa msitu ule, aliuliza kama kuna dawa, akajibiwa kwamba bado.

Tharsisi aliutazama ule mstari. Aliyatambua maporomoko matatu yote. Kila moja alijua lilikuwa asubuhi gani, na aliingia na nyundo ipi.

Wiki tatu zilizofuata Esteri alidhani mume wake anaumwa. Alilima shamba la maharage lililokwisha vunwa. Alibomoa banda la kuku akalijenga upya likiwa limepinda zaidi ya mwanzo. Alikwenda Rungwe Mpya kuulizia mbuzi ambaye hakuwa na nia ya kumnunua, akarudi siku hiyo hiyo, akaanza kunoa panga. Esteri alimuuliza kama ana siafu kwenye suruali. Hakucheka. Mwishowe alimwambia mkewe yote, akiwa amesimama mlangoni, na Esteri aliacha kupepeta.

"Akijua atakunyang'anya kazi," Esteri alisema.

"Ataninyang'anya na jina. Watasema tulimwamini mkimbizi."

"Na asipojua?"

Asipojua, binti wa watu atasimama mbele ya maprofesa kutetea uongo wa msumari, na mama wa uyoga ataendelea kuomboleza msitu. Esteri alirudia kupepeta. Alisema tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akamwekea viazi kwenye mfuko, maana aliona miguu imekwisha kuamua.

Alikwenda Kasulu kwa bodaboda. Dukani mzee Haidari alimwambia binti yuko Kibondo kuchukua namba za mwisho za miti ya kule, na kazi anaituma Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Tharsisi alipata lifti kwenye fuso la maharage, akakaa juu ya magunia, na njia nzima alikuwa anashuka kila gari liliposimama, anazunguka magurudumu, anapanda tena, hadi dereva akamuuliza kama yeye ni fundi.

Alimkuta Zuhra kwenye baraza la nyumba ya wageni ya Mama Swaumu, kompyuta mbele yake, chai imepoa. Binti aliinuka, akamwamkia, akadhani kuna msiba. Alimvutia kiti. Tharsisi alikikataa.

"Lile jua la Septemba, Bi Zuhra," alisema. "Ni mimi."

Zuhra hakuelewa. Ikabidi amweleze kwa utaratibu: mninga wa ujana wake, waya, mtundu namba kumi na saba, msumari, matundu. Alieleza yote bila kujitetea, huku akizungusha kofia mikononi. Alipomaliza, Zuhra aliifunga kompyuta kama mtu anayefunika uso wa marehemu.

"Na nilipokuuliza?"

"Niliogopa, mwanangu. Imana irabizi, Mungu anajua, niliogopa."

"Miaka mitatu, Baba Akimana. Nimeahirisha ndoa mara mbili kwa ajili ya mstari ule."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mzee. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Zuhra alisema amefedheheka, amechoka, na asingependa kumwona kwa sasa. Aliingia chumbani. Tharsisi hakuondoka. Alizunguka ile nyumba hadi Mama Swaumu akampa ufagio, angalau uwanja upate faida.

Baada ya saa mbili hivi Zuhra alitoka, macho mekundu, akauliza jambo moja tu: yale matundu ya zamani bado yapo kwenye chuma? Yapo, alijibu Tharsisi, tundu halizibi lenyewe. Zuhra akaanza kufunga mizigo.

Kesho yake walikuwa porini Kitanga. Hawakuzungumza ila namba. Kwenye kila mkanda wa ile miti kumi na tisa palikuwa na matundu manne yaliyofuatana, la kiwandani na matatu ya msumari, na umbali kati ya tundu na tundu ndio hasa urefu ambao Tharsisi aliuiba kila Septemba. Zuhra alipima, Tharsisi akataja tarehe. Tarehe alizijua zote, kwa kuwa mtu hasahau siku za kosa lake. Jioni walikaa nje ya nyumba ya Tharsisi, kompyuta juu ya gunia la maharage, na Zuhra akairudishia miti unene wake, milimita kwa milimita. Mzee alikuwa anakwenda uani na kurudi, anakwenda na kurudi.

Mstari mpya ulipotokea, Zuhra aliutazama muda mrefu. Ulikuwa unapanda. Kiangazi ulijikunja kidogo kama inavyopasa, kisha ukaendelea kupanda, kwa kasi kuliko hata wa Kibondo.

"Inakua?" Tharsisi aliuliza.

"Inakua. Mikanda ilikuwa inabana kwa sababu miti inanenepa, Baba Akimana. Wewe ulichagua iliyostawi kuliko yote, ukaifutia miaka mitatu."

Mzee alishindwa kuficha furaha. Alijua si wakati wake, akajaribu kuuma mdomo, lakini uso wote ulikuwa umefunguka. Esteri alimkanyaga mguu. Na Zuhra, ambaye sura nzima ya utafiti wake ilikuwa imekufa pale pale mbele ya maharage, alianza kulia, kisha akacheka kidogo, kisha akalia tena. Alisema mtu mwenye akili angepaswa kufurahi msitu ukiwa mzima, na yeye hafurahi, na anajionea aibu.

Akampigia simu msimamizi wake chuoni, akaweka sauti ya nje. Alieleza kwa ufupi, kisha akamsukumia mzee simu: aseme mwenyewe. Tharsisi alisema. Alisema ni yeye aliyelegeza, ni yeye aliyesingizia jua, na Bi Zuhra hana kosa. Kutoka upande wa pili, sauti ya profesa huyo msimamizi ikauliza, bila ukali, kama ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Zuhra, huyu mtu alikudanganya miaka mitatu. Leo unamwamini vipi kuhusu tarehe?"

Zuhra alimtazama mzee, vumbi la Kibondo bado liko kwenye nyusi.

"Amesafiri kutwa nzima kuja kujiharibia," alisema. "Tarehe namwamini. Lakini kesho kazi siitumi, na Septemba hii nitasoma mwenyewe."

Hakusema atamwita au hatamwita. Tharsisi alisema ndivyo inavyopasa. Alingoja simu ikatwe, kisha akamuuliza anatarajia kuja tarehe ngapi, ili awahi kumfyekea njia.