Fundi Asiyechonga Mstari Kabla ya Kusoma Sura

Saa moja asubuhi fundi ameshapiga magoti mbele ya jiwe. Anapuliza vumbi kwenye herufi, anaipapasa kwa kidole gumba, kisha anagonga patasi tena, taratibu. Vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Anachonga maandishi ya makaburi, na katika kazi hii hakuna kufuta.

Wateja wanamwita Sura Nzima, jina alilojitafutia mwenyewe. Zamani mjane mmoja alimletea maneno ya Injili ya Luka kwa ajili ya mumewe, mtu wa bashasha: "Pumzika basi, ule, unywe, ufurahi." Fundi akachonga bila maswali. Siku ya kuweka jiwe, mwinjilisti alifungua kitabu, akasoma hadi mstari unaofuata, pale Mungu anapomjibu msemaji huyo, "Mpumbavu wewe!"

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema, akicheka kwa aibu iliyochakaa. "Nilichonga jiwe jingine, bila malipo. Tangu siku hiyo ukiniletea mstari, tunakaa hapa tunasoma sura nzima kwa sauti, kwa zamu. Hutaki, mafundi wako wengi."

Mwezi uliopita waliingia ndugu wawili wa kike waliofiwa na kaka yao. Kila mmoja alikaa ncha yake ya benchi. Mkubwa, anayefanya kazi mbali, alitaka "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mdogo, aliyemuuguza marehemu, alitaka "Yesu akalia machozi." Jiwe lilikuwa dogo, la mstari mmoja tu.

"Wakawa wanasemeshana kupitia kwangu," anakumbuka. "Mwambie huyo hivi, mwambie huyo vile. Nikawa mkalimani wa watu wa tumbo moja."

Mkewe, anayeng'arisha mawe, alikuwa amehudhuria mazishi, naye akamnong'oneza chanzo. Mbele ya waombolezaji wote, mdogo alimwambia mwenzake, "Dada, ungekuwepo, kaka asingekufa." Tangu hapo hawakuwa wamezungumza.

Mistari yote miwili imo katika Injili ya Yohana, sura ya kumi na moja, habari za kifo cha Lazaro. Fundi akawapa kitabu. Mkubwa akasoma hadi pale Martha anapomlalamikia Yesu aliyechelewa kufika: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Akaendelea hadi kwenye jibu, ule ule mstari wa ufufuo aliokuja nao.

Zamu ya mdogo ikamkuta Mariamu, nduguye Martha, ameanguka miguuni pa Yesu akisema maneno yale yale. Akaendelea hadi kwenye mstari wake, Yesu akalia machozi.

"Sura ile nimeisoma miaka nenda rudi," anasema fundi, na sauti yake inashuka. "Sikuwahi kuona kwamba lawama ni ile ile, neno kwa neno, lakini majibu ni mawili. Mmoja anapewa maneno ya kushika. Mwingine analiliwa. Na hakuna aliyekemewa."

Kisha mdogo akasema, safari hii bila mkalimani, "Dada, nilikuonea."

"Mwenyewe nilikuwa nimeshajilaumu, mdogo wangu," mkubwa akajibu. "Wewe ulinitangulia kusema tu."

Wakasogeleana, wakarudi nyuma kidogo kwenye ukurasa. Kabla tu ya machozi, Yesu anauliza wamemweka wapi marehemu. Mdogo akasoma polepole: "Wakamwambia, Bwana, njoo utazame." Akaweka kidole juu ya neno la kwanza.

"Dada, ona. Wakamwambia. Hapa hasemi mmoja."

Ndiyo maneno anayoyachonga fundi asubuhi hii: Bwana, njoo utazame. Hakuna aliyewashauri, anasisitiza, yeye alisikiliza tu.

Jiwe litawekwa Jumamosi. Mkubwa ameomba likizo, na atafikia kwa mdogo wake. Kwa kawaida jiwe likishapakiwa, fundi huwa amemalizana nalo, lakini hili anataka kulisindikiza mwenyewe.

"Wamesema wataukariri mstari wao pale kaburini, wote wawili kwa pamoja," anasema, akifuta kope kwa mgongo wa mkono. "Nataka niwasikie."