Mti wa Mpaka Kwenye Kaburi la Kambale

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyopanda milimani kwenda Masereka na medali kifuani. Vita vilikuwa bado vinaendelea. Wakubwa wa jeshi walikuwa wamenivisha pale Beni, mbele ya gwaride, na vijana wa Kimemi, mtaa niliokulia hapa Butembo, walinisindikiza mpaka barabarani wakiimba. Wewe unaniuliza ukomando ni nini kwa sababu unataka kujiunga. Basi sikiliza.

Kambini tulifundishwa kulala kwenye maji na kupita msituni bila kuvunja tawi. Nilivipenda vyote, sikufichi. Rafiki yangu alikuwa Kambale, mtoto wa wakulima wa Masereka. Alikuwa akinicheka kwamba sisi wa mjini viazi tunavijulia sokoni tu.

Siku moja tukatumwa upande wa Kamango kuwatoa raia waliokuwa wameshikwa na adui. Tuliwatoa. Wakati wa kurudi risasi ikampata Kambale, akafia mikononi mwangu. Tukamzika palepale, haraka. Kamanda wetu, mtu mwema kabisa, akasema, "Hapana kuacha alama. Adui akiona kaburi, atalifukula."

Lakini Kambale alikuwa amenieleza jinsi baba yake anavyoweka mpaka wa shamba: anakata fimbo ya mti wa mpaka, anaichomeka ardhini, nayo inajiotea yenyewe. Karibu na pale palikuwa na shamba lililoachwa, na mti huo ulikuwepo. Nikakata fimbo, nikaichomeka upande wa kichwa chake. Kamanda aliniona, akageuza macho. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yangu yote mawili yapo, ila moja linauma wakati wa mvua.

Sasa, huko Masereka nilimkuta Mama Kambale shambani anachimba viazi. Nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, kwamba mtoto wake ni shujaa, na medali hii niliyopewa kwa kazi ile ni yetu sote wawili. Hakuniacha nimalize.

"Hiyo chuma utoshe kifuani kwanza," alisema. "Basoda benzako balikuja, balisema amekufa. Nilisikia. Mutoto yangu analala fasi gani?"

"Porini, Mama, upande wa Kamango."

"Pori ni kubwa. Donc sasa matanga nitaimaliza namna gani, na sijui fasi mutoto analala? Ni wewe ulimuzika. Ni wewe utanionyesha."

Niliona haya, mwanangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi medali nilikuwa naitembeza. Nikaivua, nikaitia mfukoni, nikashika jembe tukachimba pamoja. Kabla ya kuondoka nikamwahidi.

Njia ilipotulia, baada ya miaka miwili, tulikwenda, yeye, shemeji yake na mimi. Msitu ulikuwa umefunga. Nilizunguka, nikarudi palepale, maana sikutambua kitu. Komando mzima nimepotea mbele ya mama wa watu! Ndipo Mama Kambale akasimama.

"Lakini huu muti ni wa kwetu," alisema. "Nani alipanda muti ya mupaka katikati ya pori?"

Fimbo ilikuwa imekuwa mti, na majani yake. Nikamwambia ni mimi. Akakaa chini, akalia, na mimi nikalia naye. Kisha akachota udongo kwenye kitambaa, tukaurudisha Masereka, na matanga yakamalizwa. Tangu siku ile ananiita mtoto wake, na medali sikukuu naivaa bila haya.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kwenda, nenda. Jifunze kupita bila kuacha alama, ndiyo kazi yenyewe. Lakini mwenzako akianguka, shika mahali alipolala, na uende mwenyewe kwa mama yake kabla hujakubali kuvishwa chochote. Hilo usimwachie mkubwa wako, wala usingoje amri.

Mungu akutangulie porini na akurudishe hapa kwa miguu yako. Na kama hutarudi, akupe mwenzako atakayekuja kutuonyesha mahali.