Mwatoka Ng'ambo?

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kijiji kimoja cha Ubelgiji, nami nikakitambua kabla hajakitaja jina. Mnara mwembamba wa kanisa, mfereji, malisho tambarare ambayo wazee wa huko waliyakausha kutoka kinamasi. Picha yake ilining'inia ukutani kwetu Kibokoni, kwenye kalenda aliyotutumia baba, baharia. "Babako yuko huko, ng'ambo," bibi alizoea kuniambia nilipokuwa mdogo.

Basi alasiri moja bibi akasema, "Vaa viatu, twenda ng'ambo harusini." Nikavaa na gauni la Idi. Sikujua kwamba neno hilo moja lavuka bahari nzima na kivuko cha Likoni pia.

Feri ilinuka mafuta na chumvi, na mngurumo wake niliusikia hadi kwenye meno. Tuliposhuka nikautafuta mnara. Niliona minazi, mbuzi, na mihogo ikikaangwa.

Mwenyeji wetu alitupokea mlangoni. "Karibuni! Mwatoka ng'ambo?"

"Eeh, twatoka ng'ambo," bibi akajibu.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Kumbe ng'ambo ni kwetu! Baba yuko nyumbani, na sisi tumemwacha peke yake. Harusi nzima nilimvuta bibi buibui, nikimwambia baba anatungoja.

Tulirudi wakati wa magharibi. Nikasukuma mlango, nikaita, "Baba!" Nyumba ilinuka udi uliopoa.

Nyuma yangu, kwa sauti ndogo, bibi akaitika kwa niaba yake, "Labeka."